Mstari Wangu wa Kuharisha

Ule mwaka upepo ulipolaza migomba hapa Kilema, tukala makande asubuhi na jioni mpaka kuku wakayakataa, ndio mwaka niliojiaibisha, na nayasema mwenyewe kabla Felista hajawasimulia kwa kuongeza chumvi.

Mjukuu wangu Neema (nesi, nimemsomesha kwa kahawa yangu) alibandika karatasi kubwa ukutani pale zahanati, kila mwezi anahesabu wagonjwa kwenye daftari, kila ugonjwa anauchorea mstari wake. Jirani yangu Felista akarudi kutibiwa goti anatamba: "Mstari wa viungo umepanda, ni mimi huyo! Wewe hata haumo." Niliumia! Ukuta wa mjukuu wangu, aujaze yeye? Na mimi nilidhani mstari kupanda ni kama maksi za shule. Basi nikakusanya wanawake sita wa jumuiya yetu, tukaenda kusema tunaharisha. Neema akanipa kikopo cha kutilia choo. Nikamwambia, "Choo changu hakiingii kwenye kikopo." Akaniandika hivyo hivyo bila kupima. Tukarudi mara ya pili, mara ya tatu, mstari wangu ukaliacha goti la Felista huko chini, nikatembea kifua mbele.

Kumbe mstari wa namna ile ukipanda, wakubwa wanakuja. Siku ya kipaimara cha mjukuu wa Felista, mbege ya ndizi chache zilizosalia imeiva, wageni wamekaa, akaingia bwana afya, Neema nyuma yake uso umemkauka.

"Mtaa huu watu wanaharisha. Pombe hii inamwagwa."

Felista akakumbatia pipa akilia (yule mama halii hata goti likivimba). Nikashindwa kumtazama. Nikasimama mbele ya padri na wageni wote: "Msimwage! Hakuna anayeharisha. Tulidanganya, nilitaka mstari wangu upite wa goti lake."

Halafu Felista, machozi bado shavuni: "We mama! Umelionea wivu goti bovu?"

Walicheka mpaka padri akashika kiti. Bwana afya akaiacha pombe, ila akaamuru sote saba tupimwe kesho yake. Neema peke yake hakucheka. "Bibi, mstari ule ndio naombea dawa za watoto wanaoharisha kweli. Sasa nani ataniamini?"

Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe. Sitajisingizia ugonjwa tena, hata Felista aumwe mwili mzima na kujaza kuta zote nne. Lakini Neema alipochomoa mfukoni kikopo kama kile na kuninyooshea, pale pale mbele ya padri, nilimjibu:

"Choo changu hakiingii kwenye kikopo."