Vijiwe Vilivyobaki kwa Dada

Dada yangu hununua mabelo ya mitumba yakiwa bado yamefungwa, na kwa miaka ishirini na miwili silaha yake imekuwa kukaa kimya. Anaingiza vidole viwili kwenye upenyo, anavuta pindo la nguo moja, analinusa, halafu anamkazia macho muuzaji mpaka mwenyewe aanze kujitetea. Nami nilijifunza kwake. Kwa mabelo, njia hiyo inalipa. Hospitalini nusura imuue.

Mwaka jana alitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Wiki haikuisha, yuko sokoni. Ambacho hakutuambia ni kwamba daktari alimweleza wazi: mfuko ulichanika wakati wa kuutoa, nyongo na vijiwe vilivyokuwa ndani yake vikamwagika tumboni. Wameosha, wameokota walivyoviona. Akipata homa au uvimbe, hata baada ya mwaka, arudi na karatasi yake. Karatasi aliitia kwenye sidiria, ikafuliwa.

Miezi minane baadaye ukatokea uvimbe mgongoni, chini ya mbavu za kulia. Sisi wabeba mabelo wote tuna migongo mibovu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Zahanati ya kwanza ikampa vidonge. Ya pili ikapasua, ikidhani ni jipu la kawaida; likakauka, likarudi. Ya tatu hivyo hivyo.

"Umewaambia kuhusu operesheni?" nilimuuliza.

"Si wao ndio madaktari? Anayeijua kazi ataona mwenyewe. Nikimtafunia, nitajuaje kama anajua?"

Alikonda mpaka sketi ikashikiliwa na pini. Homa ikawa inampanda kila siku. Ndipo nikamburuta hospitali kubwa, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri, yeye akiwa ameniegemea kama gunia.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Tazama."

Akatazama mgongo, kisha tumbo. "Makovu haya ya nini?"

"Ya zamani."

Mimi nilikuwa nimechoka. "Alitolewa nyongo mwaka jana," nikasema.

Dada akanigeukia. "Umeniuza, wewe mtoto."

"Ndiyo, nimekuuza. Malizia mwenyewe."

Akamkazia macho daktari. Daktari hakumbembeleza. Aliweka kalamu mezani, akakunja mikono, akamtazama. Nje wagonjwa wengine walikuwa wanagonga mlango, hakugeuka. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimshinda dada kwa kusubiri, lakini siku ile nilimwona dada akipepesa macho, akamung'unya midomo.

"Walisema vijiwe vilimwagika," akasema mwishowe.

"Asante, mama. Ungesema mapema, miezi yote hii tungekuwa tumeshamaliza."

Skani ikaonyesha usaha nyuma ya ini, umejichimbia njia hadi mgongoni. Wakamfungua. Walitoa vijiwe vitano, kila kimoja kama punje ya choroko, wakamwachia mpira wa kutolea uchafu ubavuni.

"Vimeisha?" dada alimuuliza daktari siku ya kuruhusiwa.

"Tulivyovikuta tumevitoa. Vilivyomwagika hakuna aliyevihesabu."

"Na kubeba?"

"Kilo tano, basi. Kwa muda mrefu."

Belo lina kilo arobaini na tano. Nilidhani atabishana. Alishika tu ule mpira usivutike, akageukia ukuta.

"Kesho kachague mabelo wewe," akaniambia. "Mimi nimechoka."