Pua ya Mzee na Ufunguo wa Kabati

Kifaa cha kupimia klorini kilikaa kabatini miaka miwili, kimefungiwa kwa ufunguo ili kisiharibike. Tulikipata mwisho wa mafunzo ya siku tatu hotelini, pamoja na vyeti. Vyeti tulivitia fremu, tukavitundika juu ya kabati.

Ufunguo aliushika mzee wetu, mkuu wa kitengo cha maji katika ofisi yetu ndogo ya afya, pembeni mwa Mji wa Kale. Kila Ijumaa asubuhi yeye na mimi tulitia dawa ya klorini visimani. Alivuta ndoo, akanusa, akaandika daftarini: "Yatosha." Hatukurudi hadi Ijumaa nyingine. Mimi nilitaka kujua dawa hiyo hudumu siku ngapi. Mifereji ya majumbani ilikuwa imekauka, masika yanakaribia, na kisima kimoja cha uchochoroni kilikuwa kinanywesha mtaa mzima.

"Profesa," alisema mzee. Aliniita hivyo kwa sababu nilijisomea takwimu peke yangu, kwa vitabu vya mtumba. "Pua hini ilikuwako kabla ya kitabu chako."

"Basi tuipime. Ikishinda, sikitaji kifaa tena. Ikishindwa, wanipa ufunguo."

"Wanipima mimi? Haya, lete."

Jumatatu nilipanga glasi kumi mezani, zote za maji ya kisima kile. Tano nilizitia dawa kwa kipimo chetu cha kawaida. Namba nilizibandika chini, na karatasi ya majibu niliipiga mistari kwa rula. Mzee aliinama juu ya kila glasi, macho ameyafumba, kama anayevuta harufu ya pilau ya arusi. Akapata kumi kwa kumi.

Mama auzaye chai na mahamri mlangoni petu alipiga kigelegele. Nilikunja karatasi yangu. Ahadi ni ahadi, na ningenyamaza kweli. Lakini mzee hakuweza kuumeza ushindi wake kimya.

"Wajua, nilinusa ya kwanza tu," alisema huku akikoroga chai. "Wewe kalamu zako wazipanga nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Hata hamri wala kwa zamu na chai, tonge moja, funda moja. Nikajua tu: yenye dawa, isiyo nayo, yenye dawa, isiyo nayo. Zilizobaki nilihesabu."

Ni kweli, nilikuwa nimezipishanisha. Kitabu kinakataza jambo hilo waziwazi, na ukurasa huo nilikuwa nimeupigia mstari.

"Basi umenijua mimi," nikamwambia, "hukuyajua maji. Turudie."

Safari hii mama wa mahamri alijifungia stoo na glasi, akarusha shilingi kwa kila moja: kichwa, tia dawa; nyuma, iache. Orodha aliiandika, akaitoa stoo na kuikalia. "Atakaye kuiona aninyanyue kwanza," alisema, na si mtu wa kunyanyuliwa na ofisi nzima.

Mzee alinusa kweli sasa, tena kwa muda mrefu. Alipata nne. Akashikilia na mimi ninuse. Nilipata tatu.

"Nimekushinda," alitangaza. Lakini mkono ulikuwa tayari mfukoni, na ufunguo ukaja mezani.

Vidonge vya kifaa vilikuwa vimebakiza mwezi mmoja kabla ya muda wake kwisha. Alhamisi tulikwenda kile kisima cha uchochoroni. Ukitia kidonge katika kichupa cha kifaa, maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi. Tulitia, tukatikisa, tukasubiri.

"Mwangoja nini?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akijaza dumu.

"Twangoja rangi, mwanangu," mzee akamjibu.

"Na isipokuja?"

Haikuja. Maji yalibaki vile vile kama yalivyotoka kisimani. Mzee alikiinua kichupa juani, akakigeuza, kisha, Mungu shahidi, akakinusa.

"Hayo ya dumuni kayachemshe," alimwambia yule mwanamke. "Na wenzako waambie vivyo hivyo, mpaka tutie dawa." Akanigeukia. "Profesa, kalete dawa. Kuanzia wiki hini twaja Ijumaa na Jumanne, na tutapima."

Nilichukua daftari ili niandike matokeo. Akaniondoshea mkononi.

"Wewe ulipata tatu," alisema. "Kalamu nishike mimi." Na chini ya safu ndefu ya "Yatosha," akaandika kwa herufi kubwa: "Hakuna."