Ile Kompyuta Isiyo na Kadi ya Grafiksi

Sisi tuliokulia Mbulu tunaikumbuka baridi kwanza, masomo baadaye. Asubuhi kijiji chetu cha Tlawi chote kilimezwa na ukungu. Ulitoka nyumbani na sweta mbili mwilini na kiporo cha kande tumboni, ukafika shuleni sketi imelowa umande. Mapumziko tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka tukafanana na udongo. Aliyechelewa kengele alipelekwa kupalilia vitunguu saumu vya shule, na hakuthubutu kwenda kushtaki nyumbani, maana mama angeuliza kwanza, "Na wewe ulikuwa umefanya nini?" Watoto wa leo wakiambiwa wafagie darasa, wanalalamikia vumbi.

Tulipokuwa kidato cha pili, shule ilipewa kompyuta moja iliyokwisha kutumika. Fundi alikuja kutoka mjini, akaifungua, akachungulia ndani, akamweleza mkuu wa shule kwamba haina kadi yake ya grafiksi, ile inayoshughulika na picha za kwenye skrini. Ilitegemea grafiksi ndogo iliyojengwa ndani yake tangu kiwandani. Alisema mashine ya namna hiyo ingetusumbua bure, heri tusubiri nyingine. Mkuu akamwamini, akaifungia stoo pamoja na majembe.

Mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Qamara, hakuridhika. Alikuwa mpole, lakini akishika jambo haliachi. Alituita mimi na rafiki yangu Theresia, tukamwamkia, akatuuliza tungetaka kompyuta itufanyie kazi gani. Tukamwambia tungechapa notisi, kwa sababu darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha baiolojia, na kurasa za moyo zilikwishachanika.

"Kazi hiyo haidai kadi yoyote," alisema. "Nitamwomba mkuu atuachie mpaka mtihani wa muhula. Tukishindwa, irudi stoo."

Basi kila Jumamosi jenereta ya shule iliwashwa kwa saa moja, nasi wasichana sita tukabanana mbele ya skrini. Theresia alichapa kwa kidole kimoja, sisi wengine tukimtafutia herufi. Kuchora moyo ndiko kulikotutesa. Kipanya kiliteleza, na moyo wetu wa kwanza ulifanana na kiazi kitamu. Tukaufuta. Wa pili pia tukaufuta. Jumamosi ya tatu tulikuwa tumefika kwenye mishipa, jenereta ikazimika kabla hatujahifadhi kazi. Kurasa mbili zikapotea. Theresia alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta, akasema hatoki pale mpaka jenereta iwake tena. Ilipowaka tuliandika upya bila kitabu, na hapo ndipo tulipogundua kwamba somo lote lilikuwa limeshatuingia kichwani.

Notisi zilitolewa nakala, kila mwanafunzi akapata yake. Matokeo ya muhula yalipotoka, hakuna hata mmoja darasani kwetu aliyefeli baiolojia. Mkuu alizisoma zile karatasi akiwa amesimama dirishani, kisha akampa Mwalimu Qamara ufunguo wa stoo. "Kaeni nayo," alisema. Tuliitumia mpaka tukamaliza kidato cha nne.

Leo nafundisha shule ya msingi Gitting. Mwaka huu binti yangu Neema amepata nafasi chuo cha uuguzi, na akaniambia bila kadi ya grafiksi ya peke yake kompyuta haifai kitu. Alikuwa ameyasikia kwenye simu. Sikubishana naye. Tulikwenda dukani Katesh, nikamwomba fundi amwambie ukweli.

"Shikamoo mama," fundi alinisalimu, kisha akamgeukia Neema. "Dada, utatengeneza katuni? Utachora ramani za majengo? Utacheza magemu makubwa?"

Neema akasema hapana, ni kusoma, kuandika na kuangalia video za masomo.

"Ungekuwa na kazi hizo ningekuuzia yenye kadi. Kwa hizo zako, grafiksi za ndani zinakutosha kabisa, na za siku hizi zina nguvu kuliko za zamani."

Akamwachia ajaribu kompyuta mpakato moja ya namna hiyo. Neema akafungua video mbili, kitabu na kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja, akiisubiri ikwame. Haikukwama. Akaifunika, akasema, "Mama, tuchukue hii."

Sasa anaitumia kila siku, na ndani ya dakika moja inafanya kazi iliyotuchukua sisi Jumamosi kadhaa. Nafurahi, na nisingependa asome kwa shida kama sisi. Ila akija likizo namwona amekaa chumbani peke yake, spika za masikioni zimemziba, na wenzake nao kila mmoja yuko kwao na kompyuta yake. Sisi tulikuwa sita kwenye benchi moja, na ukikosea herufi, watano wanakucheka.