Mashuka ya Hospitali

Fundi wa mashuka na wifi yake, mwenye duka la vitambaa, walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu uchumi uanze kuyumba. Wifi alikuwa na mdomo, na fundi naye hakuwa bubu.

Fundi alishonea hospitali ya wilaya. Oda hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nzima, pamoja na mumewe, aliyepunguzwa kiwandani na ambaye kazi yake sasa ilikuwa kusikiliza redio na kulaumu. Kwa hiyo diwani alipoitisha mkutano wa kuipigia kura oda hiyo, fundi alimtoa mume kitandani.

"Vaa shati twende. Leo kila mkono ni mali."

Ukumbini diwani alieleza, huku akitabasamu utadhani anagawa peremende: hela za halmashauri hazitoshi. Ama ushuru wa maduka upunguzwe, biashara zipumue, na oda za hospitali zisimame. Ama ushuru ubaki, na hospitali iendelee kununua.

Wifi alisimama wa kwanza. "Wenye maduka tumekamuliwa mpaka damu. Nikipunguziwa, nitaajiri. Ila humu kuna watu wamezoea kuinyonya serikali kama mama yao."

Watu wakacheka. Fundi akapandwa na hasira.

"Utaajiri nani, wewe? Mwaka juzi ulipunguziwa, ukapandisha ghorofa. Wagonjwa wakilala juu ya mpira mtupu wa godoro, utawafunika matofali?"

"Jifunze kuuza sokoni kama wenzako."

"Nimuuzie nani, wifi? Mtu hana hela ya unga, atanunua shuka?"

Diwani akagonga meza, akataka mikono ya wanaotaka ushuru upunguzwe. Fundi alikuwa akiwatazama mmoja mmoja kwa chuki, hadi akaona mkono ulioinuka kando ya bega lake. Ulikuwa wa mumewe. Mume hakuthubutu kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa dada yake, aliyemkodolea macho kutoka mbele.

Ushuru ukapunguzwa. Njiani mume akaanza kujitetea.

"Yule ni dada yangu, ndiye aliyenisomesha. Damu nzito kuliko maji, mama watoto."

Fundi akaongeza mwendo. Alifika nyumbani, akaifunika cherehani, akaketi. Kulia mbele ya mtu yule hakukubali. Jioni mume akaingia jikoni, akafunua sufuria moja, akafunua ya pili.

"Tunakula nini?"

"Uliuinua mkono vizuri sana leo," alisema fundi. "Sasa ushushe, ukupikie."