Viti vya Nailoni vya Baba Mkubwa

Harufu ya nailoni iliyopigwa na jua naikimbia mpaka leo. Baba mkubwa, kakake baba yangu, alikuwa na viti vitano pale Kiogoro, na miaka miwili baada ya kuvinunua hakuwa ameivua ile nailoni ya dukani. Sisi watoto wa ndugu yake tulikaa sakafuni huku akivipiga makofi. "Mvule mtupu huu! Na ngozi ni ya ng'ombe, si plastiki ya maskini." Maskini alikuwa baba yangu, na wala hakuficha.

Nilikuwa na miaka kumi, masika, migomba inadondosha maji mchana kutwa, watu wa Magwagwa walipotuma neno kwamba wanakuja kumposa dada yangu Kemunto. Kwetu, mgeni wa posa akikosa pa kukaa, huyo amejibiwa tayari. Tulikuwa na mabenchi mawili ya mkaratusi na kigoda kimoja. Kemunto alimpenda yule kijana, kijiji kizima kilijua, basi baba akaenda kuazima viti. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini angefanya nini? Baba mkubwa alikubali kwa masharti mawili: nailoni isitolewe, na yeye mwenyewe awepo. Tukavibeba kwenye matope. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mimi, mtoto mwembamba vile, nilibeba kiti cha mvule peke yangu kichwani kama kikapu cha mboga!

Wageni wakafika. Mzee wao, mtu mnene mwenye kucheka, akaketishwa kwenye kiti kikubwa. Baba mkubwa hakungoja hata chai imiminwe. "Kaeni kwa raha, viti ni vyangu. Mngemkuta ndugu yangu peke yake, mngekalia magunia." Watu wakatazama chini. Yule mzee, kwa heshima zake, akaegemea mkono wa kiti ili amgeukie baba na kumwuliza habari za majani chai. Mkono ukang'oka, nailoni ikapasuka, na ndani hamkuwa na mvule wala ndugu wa mvule. Ulikuwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, umeoza kwa unyevu wa ile nailoni, ukamwagika wote kwenye suruali ya mzee wa watu.

Baba mkubwa angenyamaza, tungecheka yakaisha. Akafoka: "Mzee, kwenu mmezoea kukalia mawe? Unaketi kama fahali!"

Mzee akasimama, akajipangusa taratibu. "Asante kwa chai," akamwambia baba, na chai ilikuwa bado jikoni. Wakaondoka wote, kijana nyuma yao, hakugeuka. Jioni Kemunto aliosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Kabla ya mavuno tukasikia yule kijana ameoa kwingine.

Sasa niulizeni mimi habari za viti. Shule niliiachia darasa la sita, lakini hakuna mwenye digrii atakayeniuzia takataka. Nakipindua kiti chini juu, nakwaruza kwa ukucha pale fundi alipodhani sitafika, nanyanyua upande mmoja nione kama kinabisha kwa uzito. Ngozi naigeuza nyuma, nataka kuona manyoyamanyoya yake, naibonyeza nione kama inakunjamana kama ngozi ya mtu. Vyangu pale Suneka viliundwa nikiwa nimesimama hapo hapo, na kuviingiza ndani kulihitaji wanaume wanne. Nyinyi mnaochagua viti kwa picha za simu, endeleeni tu. Nyumba njema si mlango. Baba mkubwa amezeeka, anatangaza sokoni kwamba nina majivuno. Ninayo, na nimeyatolea jasho. Kwangu hajaingia na hataingia.

Kemunto aliolewa baadaye, na mtu mwingine. Akinitembelea namwonyesha kiti kikubwa kuliko vyote, namwambia, "Dada, egemea, hiki hata tembo hakivunji." Hucheka, hunishukuru, kisha huketi ukingoni kabisa, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke.