Picha ya Mkimbiaji Aliyesimama

Kwa miaka mingi kazi ya Germana ilikuwa kuwasimamisha watu. Studio yake iko Makambako, kwenye safu ya vibanda vilivyo nyuma ya barabara kuu, kati ya duka la masweta ya mtumba la Vestina na fundi wa redio. Mtu akija kupiga picha ya paspoti, Germana humketisha kwenye stuli, humnyoosha kola, humwinua kidevu kwa ncha ya kidole, kisha humwambia maneno yale yale aliyoanza nayo kazi: "Tazama huku." Siku ya komunyo ya kwanza huwapanga watoto kwa urefu mbele ya kanisa. Kwenye harusi huwapanga wakwe.

Na watu wa huku wanajua wajibu wao mbele ya kamera. Hata mama anayepita na tenga la viazi, akiona kamera imeelekezwa kwake, hutua mzigo, hujifunga kanga vizuri, huweka mikono ubavuni na kunyamaza. Kupigwa picha ni jambo la heshima, halifanywi mtu akiwa mbiombio.

Ndiyo maana Mwalimu Hezekia, mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari pembeni mwa mji, alipomwomba aje kuwapiga picha wanafunzi kwenye mashindano ya pale Makambako, Germana hakuona ugumu wowote. Alichaji betri, akavaa sweta zito, akaenda kusimama kwenye kona ya mwisho ya uwanja, mahali ambapo wakimbiaji wangempitia karibu.

Katika mbio za wasichana za mita elfu moja mia tano aliyetangulia alikuwa Lidia, binti wa mkulima wa kijiji cha Kichiwa, mwembamba, mwenye hatua ndefu. Aliingia kona ya mwisho akiwa peke yake. Germana alimwona anakuja, akaona kwenye kioo cha kamera kwamba uso wake haujakaa vizuri, na mdomo ukafanya kazi yake ya siku zote. Akaita, "Lidia! Tazama huku!"

Lidia akasimama.

Alisimama kama alivyofundishwa kwao. Aliivuta fulana chini, akaweka mikono ubavuni, akakaza uso, akaitazama kamera. Germana naye akapiga. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini wasichana wawili walikuwa wamekwisha mpita. Lidia alishtuka, akakurupuka, akamaliza wa tatu, akimzidi wa nne kwa kifua. Bahati yake watatu wa kwanza ndio waliokuwa wanakwenda Njombe kwenye mashindano ya mkoa.

Picha ilitoka safi kuliko zote za siku ile. Msichana amenyooka kama mlingoti, na nyuma yake wenzake wamefutikafutika kwa mbio. Ilipowekwa kwenye kundi la simu la wazazi, watu walicheka wiki nzima. Vestina alikuja mlangoni na sweta begani, akaitazama kwa muda.

"Jirani, huyu mtoto ulimkamata kwa kosa gani?" akauliza. "Amesimama kama yuko mbele ya trafiki."

Germana alicheka naye, lakini si kwa moyo. Alikuwa ameona ule upana wa kifua kimoja. Kule Njombe wangechukuliwa wawili tu kuingia timu ya mkoa, na Mwalimu Hezekia alisema waziwazi kwamba hajawahi kuwa na mkimbiaji kama Lidia. Tangu siku ile, Germana akiinua kamera mbele ya kitu chochote chenye uhai, kidole kilikuwa kinamfa ganzi. Alikuwa na hakika kwamba akienda Njombe atamsimamisha tena yule mtoto, na safari hii hakutakuwa na bahati.

Angekuwa amekwisha jitoa, kama si Alfonsi, baba yake Lidia. Huyu alileta viazi sokoni siku moja, akapita studio kushukuru. Alikuwa ameitundika ile picha sebuleni, na hakuwa na habari kwamba nusura imgharimu mwanawe nafasi ya kwenda Njombe. Ila majirani, alisema, wanamuuliza hizi ni mbio gani za kusimama. Akaomba, kama mama hatajali, apate na nyingine ambayo mtoto anaonekana anakimbia. Germana aliitikia. Mtu yule alipoondoka, alikaa kwenye stuli ya wateja.

Akaanza kujifunza. Mwalimu Hezekia alimruhusu aje uwanjani jioni za mazoezi, na siku ya kwanza tu Germana aliona ukubwa wa balaa. Alipotoa kamera, wasichana wa netiboli walisimama na mpira mikononi. Golikipa wa wavulana aligeuka akajiweka sawa, na mpira ukaingia golini mgongoni pake. Wenzake walimzomea mpaka akaona haya.

"Mama Jastin," Mwalimu Hezekia alimwita Germana pembeni kwa jina la mwanawe, akasema kwa upole, "mimi sikukatazi. Ila ukija, uje kama hujaja."

Maneno hayo Germana aliyachukua kama amri. Akawa anakuja na kuketi kwenye nyasi, kamera ndani ya mkoba. Baadaye akaitoa, akaipakata tu. Baadaye tena akaiinua usoni bila kubonyeza. Wanafunzi walimtazama, wakachoka kumtazama, hatimaye wakamzoea kama walivyozoea milingoti ya goli.

Ndipo akaanza kupiga, na picha zikawa za kutia aibu. Mguu mmoja na kivuli. Mgongo. Kiwiliwili kisicho na kichwa. Uwanja mtupu ambao mtu amekwisha pita. Aliyekuwa anaruka juu alionekana amekwisha lala kwenye magunia ya maranda. Germana alizipeleka nyumbani, akazikuza moja moja kwenye kompyuta ya studio, akijiuliza kosa liko wapi. Polepole akatambua kwamba alikuwa anamfukuza mkimbiaji kwa kamera, na mkimbiaji siku zote ni mwepesi kuliko mkono. Akaacha kufukuza. Alichagua mahali, akalenga lenzi kwenye shina la nyasi pale pale, akaifunga isihame, akapiga goti na kungoja. Akajifunza kubonyeza mtu akiwa bado hajafika, kwa sababu ukisubiri afike umechelewa. Akajifunza kuifanya kamera ifumbe jicho haraka sana, na siku za mawingu, ambazo huku ndizo nyingi, kuiacha inywe mwanga zaidi hata kama picha itatoka na chengachenga.

Picha zikaanza kuwa na watu ndani yake. Lakini Lidia hakuwamo hata moja. Kila Germana alipokuwapo, msichana yule aliinama kufunga kamba za viatu, au alikimbilia upande wa mbali wa uwanja. Na Mwalimu Hezekia alisema, bila kutaka kumlaumu mtu, kwamba Lidia amepata ugonjwa mpya. Akifika kona ya mwisho anageuza shingo kutazama pembeni, na hatua zinapungua. Hufanya hivyo hata siku ambayo pembeni hakuna mtu.

Germana alirudi nyumbani akiyawaza hayo. Kumbe hata asipokwenda yupo. Amemwingia mtoto kichwani na kukaa.

Siku chache kabla ya safari ya Njombe, wachezaji walitakiwa wawe na picha za paspoti kwa ajili ya vitambulisho. Lidia alikuja peke yake. Aliamkia, akaketi kwenye stuli, akakaa kimya kabisa, kidevu mahali pake. Hakukuwa na haja hata ya kumgusa. Germana alipiga, akaiweka kamera mezani, akasema anafikiria kutokwenda Njombe. Alitegemea kuona uso wa mtoto ukifunguka.

Lidia alitazama mikono yake. "Usipokuja nitakutafuta," akasema.

"Unitafute wa nini, mwanangu?"

"Sijui, mama. Nikifika kwenye kona, miguu inataka kujua uko wapi. Nikikuona inataka kusimama. Nisipokuona, naogopa utatokea."

Kwa Vestina mteja alikuwa akibishania sweta. Ukutani, kwenye ndoano, kilining'inia kitambaa cha njano ambacho Germana hujifunga kichwani siku za harusi ili watu wamwone katikati ya umati. Akakitungua.

"Basi ujue nitakuwa wapi," akasema. "Sitakaa kwenye kona. Nitakaa mbele, ng'ambo ya mstari wa mwisho, nimejifunga hiki. Ukitaka kusimama, njoo usimame pale. Kabla ya pale mimi sipo."

"Na usiniite."

"Sitakuita."

"Hata baba akikuomba."

"Hata baba yako."

Mtoto alipoondoka, ndipo hofu ikamkaba Germana sawasawa. Sasa alikuwa amejifanya alama. Je, wasimamizi wakimwondoa pale? Je, ukungu ukimficha?

Na ukungu ulikuwepo. Walipowasili Njombe asubuhi ile, wanafunzi wakiimba nyuma ya lori na Germana akiwa mbele pembeni ya dereva, uwanja ulionekana nusu tu. Baridi ilikuwa ya kuuma vidole. Mwalimu Hezekia alizungumza na wasimamizi, nao wakamkubalia mama mwenye kitambaa akae ng'ambo ya mstari, mradi asiwazuie wakimbiaji. Germana alipiga goti kwenye nyasi zenye umande, akailenga lenzi kwenye chokaa ya mstari, akaifunga.

Filimbi ikalia. Wasichana wakaondoka pamoja, wakapita, wakamezwa na ukungu, wakatokea upande wa pili kama vivuli. Lidia alikuwa wa nne. Kisha wa tatu. Germana alipumua kidogo, akageuza macho kuitazama kona ya mwisho, ile sehemu aliyoapa kutokanyaga.

Pale palikuwa na mwanamke aliyesimama, ameshika ndoo ya maandazi. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cha njano.

Lidia angemdhani ni Germana. Kupiga kelele hawezi, alikwisha ahidi kutokuita, na sauti yake ndiyo iliyomharibu mtoto mara ya kwanza. Ilibaki mizunguko miwili. Germana aliiacha kamera ikining'inia shingoni, akakatiza nyuma ya watazamaji, mama mzima akikimbia na sketi mkononi, mpaka akamfikia yule muuzaji.

"Kamwene, dada," akamsalimia akihema. "Nakuomba uvue kitambaa chako."

Yule mwanamke alimtazama juu mpaka chini. "Kamwene. Kitambaa changu kimekukosea nini na baridi hii?"

"Kuna mtoto atasimama."

"Mtoto gani? Asimame kwa sababu ya kitambaa?"

Germana alijua kwamba akianza kueleza, wakimbiaji watafika. Alivua sweta lake, lile zito, akamwekea mabegani. "Jifunike hili. Nitakuja kulichukua. Nisaidie tu."

Mwanamke aliguna kwamba watu wa siku hizi wana mambo, lakini alikivua, akakisokota ndani ya ndoo juu ya maandazi, akajifunika sweta mpaka masikioni. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Germana alikwisha geuka na kukimbia.

Alifika mahali pake, akajitupa chini, akaweka jicho kwenye kamera. Lenzi ilikuwa bado imefungwa pale pale kwenye chokaa, haikuhitaji akili yake. Aliwaona wakiingia kona. Watatu walikuwa bega kwa bega, na mmoja alikuwa Lidia. Shingo ya Lidia ikageuka pembeni.

Germana aliuma midomo isije ikafunguka. Shingo ile ilikaa pembeni hatua moja, ya pili, ikitafuta. Kisha ikarudi mbele, ikatafuta huko, na Germana akaona macho yakikiona kitambaa. Macho yale yalikuwa na hofu tupu. Wala hayakumwacha tena. Msichana alikuja moja kwa moja kama anayefukuzwa, akazidi kuwa mkubwa ndani ya kioo, na kabla hajaufikia mstari, wakati bado ni mapema kabisa, Germana akabonyeza na kushikilia.

Kamera ilipiga mfululizo. Fulana zikapita, zikamfunikia mwanga. Hakujua nani ametangulia, kwa maana jicho lake lilikuwa kwenye chokaa tu.

Aliposhusha kamera, Lidia alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa anahema kwa mabega, jasho linafuka moshi kwenye baridi, mikono ubavuni. Walitazamana hivyo, kila mmoja akiogopa kusoma uso wa mwenzake, mpaka Mwalimu Hezekia alipokuja anakimbia kutoka meza ya wasimamizi.

"Wa pili," akasema. "Ameingia."

Germana aliketi chini pale pale kwenye umande.

"Mama," Lidia akasema baada ya kitambo, pumzi bado hazijatulia, "mbona hupigi? Nimesimama."

Ndipo Germana akainua kamera, akayatamka yale maneno aliyokuwa hajayasema kwa mtu yeyote tangu siku ile ya Makambako, hata kwa wateja wa paspoti. "Tazama huku," akasema.

Picha za mfululizo nyingi zilitoka mbaya, ukungu na viwiko. Mwalimu Hezekia alizipitia yeye, kwa kuwa Germana hakuthubutu, na katikati ya hizo akakuta moja. Lidia yuko juu ya mstari, miguu yote miwili imeiacha ardhi. Ndiyo iliyopelekwa Kichiwa. Alfonsi aliitundika kando ya ile ya kwanza, na majirani sasa wanauliza kwa nini mtoto amekodoa macho namna ile.

Sweta Germana alilipata, likinuka mafuta ya maandazi. Siku hizi shule nyingine nazo humwita, naye huenda. Ila kabla hajapiga goti na kuifunga lenzi, huuzunguka uwanja kwanza mpaka kwenye kona ya mwisho, kuangalia nani amesimama pale, na amejifunga nini kichwani.