Kichwa cha Mwenyekiti

Saluni kwetu, Mama mkubwa huwa haanzi kichwa cha mtu kabla hajakiwekea kiganja. Mteja akishakaa na kufungwa taulo shingoni, yeye huweka mkono wa kulia juu ya utosi, hutulia kidogo, halafu husema kwa sauti ya chini, "Bwana, hiki ni kichwa chako." Baada ya hapo ndipo anachukua kitana. Wateja wameshamzoea. Wapo wanaocheka, wapo wanaofumba macho, na yupo muuza mitumba mmoja ambaye husema wazi kwamba anachofuata ni kile kiganja, nywele ni kisingizio tu.

Yeye humwona Mungu hata pale ambapo mimi naona bahati. Umeme ukikatika mteja akiwa chini ya draya, kisha ukarudi kabla nywele hazijapoa, utamsikia: "Yupo!" Kitana kilichopotea kikionekana chini ya kochi: "Yupo!" Siku moja nilimuuliza kama Mungu hana shughuli nyingine zaidi ya kututafutia vitana. Akanijibu, "Kama kwenye kitana hayupo, basi na kanisani tunamsumbulia nini?" Nikamwacha na vitana vyake. Mimi nafanya kazi kiti cha pili, karibu na dirisha, na vichwa vyangu nilikuwa naanza bila neno lolote.

Sasa nieleze kisa chenyewe, na nianze kwa kusema ukweli: siku ile nilitaka mtu aungue.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi, mdogo wake, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alipopata mimba bila kuolewa, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alimsimamisha mbele ya ibada nzima, akamvua joho la kwaya watu wakitazama. Mama alifariki siku aliyonizaa. Mama mkubwa akaenda kwa mwenyekiti kuomba kengele ipigwe na kwaya ije kaburini, kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa hawaamui jambo la mwanamke bila yeye. Hakukaribishwa hata ndani. Mwenyekiti alisimama mlangoni, akasema, "Kengele ya kanisa haipigwi kwa watu wa namna hiyo," akafunga mlango. Mama yangu akazikwa kimya, dada yake akiimba peke yake, na mimi mchanga nikiwa mikononi mwake.

Kisa hiki nilikijua kabla sijajua kuandika jina langu. Mama mkubwa hakuhama kanisa. Aliendelea kukaa benchi la mwisho, na mwenyekiti, ambaye mpaka leo ni mwenyekiti, akawa anampita kila Jumapili kama anavyopita nguzo. Mimi nikala kiapo: siku yule mama akiingia kwenye kumi na nane zangu, atakiona cha moto.

Akaingia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, msusi wake alikuwa mgonjwa, na kesho yake binti yake anafunga ndoa. Alisimama mlangoni, mkoba kaubana kwapani, akaikagua saluni yetu: kioo chenye ufa tuliouziba kwa gundi ya karatasi, ndoo za maji, taulo zilizoanikwa dirishani.

"Mnatia dawa ya kulainisha nywele hapa?"

"Tunatia," Mama mkubwa akajibu. "Karibu, mama."

"Nataka zilale kweli kweli. Kesho nakaa meza ya mbele, kamera zote zitakuwa kwangu." Akakaa, akamtazama Mama mkubwa kwenye kioo. "Wewe si unasali kwetu?"

"Nasali hapo hapo."

"Nilijua tu. Sura naikumbuka."

Sura anaikumbuka! Nikajifanya napanga rola kwenye sinia.

Mama mkubwa akamfunga taulo. Nikasubiri kiganja. Hakukiweka. Alivaa glovu, akafungua kopo la dawa, akaanza kuipaka kutoka kisogoni, tena kwenye ngozi kabisa. Na yale mafuta ya mgando ambayo kila mteja hupakwa kwanza kuzunguka paji la uso na masikio, ili dawa isimchome, hakuyagusa. Anayeijua kazi hii anajua maana yake. Ngozi huchubuka, vidonda hutoa maji, na nywele hubaki kwenye taulo mtu akijifuta.

Moyo wangu ulisuuzika. Nasema kama ilivyokuwa. Mawazoni nilishamwona mwenyekiti kesho yake, meza ya mbele, kitambaa kakifunga mpaka kwenye nyusi, watu wakiulizana kulikoni. Nikaongeza sauti ya redio.

"Inawasha," mwenyekiti akasema.

"Haijashika. Vumilia, mama."

"Haya. Urembo una gharama zake." Akacheka. Hatukucheka.

Mama mkubwa alisimama nyuma yake, akitazama ukuta. Sijawahi kumwona na uso ule. Ulikuwa mkavu, hauna hata hasira.

"Inachoma sasa," mwenyekiti akasema, kucha zake zimekamata mikono ya kiti. "Dada, inachoma jamani!"

"Bado kidogo."

Yule mama akashindwa. Akaruka kutaka kusimama, kiti chenye magurudumu kikateleza, kichwa kikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa sinki. Mama mkubwa akamdaka. Mkono wa kulia ukatua utosini, juu ya dawa, na mdomo wake ukasema wenyewe, kama usemavyo kila siku: "Bwana, hiki ni kichwa chako."

Hata redio sikuisikia tena. Mama mkubwa aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Na mimi, ambaye sijawahi kusema "yupo" maishani mwangu, nilihisi wazi kwamba mle ndani hatukuwa watatu tena. Sikufurahi. Nilikasirika kama mtu aliyeingiliwa chumbani na mgeni asiyepiga hodi.

"Ndiyo umekuja sasa?" Mama mkubwa akasema, macho darini. "Sasa? Siku ile nazika na mtoto mkononi ulikuwa wapi? Kwa huyu ndiyo unakuja mbio!"

Akamsukuma mwenyekiti mpaka sinkini, akafungua bomba lote. Alimwosha kwa hasira, analia, anagombana na Mungu kwa sauti ya juu, lakini alimwosha. Nyuma ya masikio, kisogoni, kwenye paji, kila mahali, kisha akarudia kwa shampuu ya kukata dawa. Ngozi ilikuwa imeiva na kuvimba pembeni. Haikuwa imechanika.

"Unasema na nani?" mwenyekiti akauliza, maji yanamwingia puani.

"Na mwenye kichwa. Nilikuwa nakuunguza makusudi, mama. Mafuta sikukupaka."

"Mimi? Nimekukosea nini?"

"Ulimnyima mdogo wangu kengele."

Mwenyekiti akakunja uso ndani ya povu, akatafuta kwenye kumbukumbu zake. Alitafuta kweli, hilo simnyimi.

"Mdogo wako yupi?"

Mama mkubwa akafunga bomba. Akavua glovu moja, akavua ya pili, akazitupa kwenye ndoo. "Malizia wewe," akaniambia. "Mimi nimefika mwisho." Akatoka, akakaa kizingitini, mgongo kwetu.

"Nitoeni hili povu niende zangu," mwenyekiti akasema. Macho alikuwa kayafumba kwa ajili ya shampuu, shingo kailaza kwenye sinki. Kopo la dawa lilikuwa pale pale kwenye rafu, wazi, brashi ndani yake. Nikalishika. Ningeipaka upya asingejua mpaka ngozi imwambie. Hakumkumbuka hata kidogo. Alimvua joho mama yangu, akamfungia mlango maiti, kisha akaenda zake akasahau, kama mtu aliyefukuza kuku.

Lakini yule asiyepiga hodi alikuwa bado hajaondoka. Nilimsubiri aondoke, kopo mkononi. Hakuondoka.

Nikalirudisha kopo kwenye rafu. Nikaweka kiganja juu ya utosi wa mwenyekiti, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote, na ngozi yake ilikuwa ya moto kama ya mtoto mwenye homa. "Bwana," nikasema, "hiki ni kichwa chako."

Kisha nikainama mpaka sikioni kwake.

"Alikuwa mwimbaji wa kwaya," nikamwambia. "Ulimvua joho mbele za watu. Mimi ndiye niliyekuwa tumboni."

Mwenyekiti akafumbua macho, povu na yote, akaniona. Midomo yake ikatafuta neno. Kichwa kikajaribu kuinuka chini ya kiganja changu, kikashindwa. Sikumsaidia kulipata neno lake, na mkono sikuuondoa.